Nilivyomfasiria Bosi Nyimbo za Mwingereza

Nilifundisha Kiingereza miaka mitatu kwenye shule moja ya sekondari mkoani Iringa, kisha nikaacha nikaenda kuuza chupi. Washarika wa kanisa letu hawakuielewa njia hiyo, na mama yangu hakutaka waielewe. Kila alipoulizwa habari zangu alijibu kwamba bado nafundisha, ila nimehamishwa kituo, siku hizi niko mbali kidogo. Hakudanganya sana. Guangzhou ni mbali kidogo.

Miaka ile ya tisini na nane, tisini na tisa, Watanzania tuliokuwa tukienda kule kununua nguo tulikuwa bado wachache, tunajuana kwa sura na kwa ukubwa wa mabegi. Nilifikia katika nyumba ya wageni karibu na Xiaobei, na chumba nilishirikiana na mwanamke mwenzangu, mama mmoja wa Unguja, mtu mzima, mnunuzi wa redio na pasi za umeme. Mimi nilimwita Bi Mkubwa. Yeye aliniita Mwalimu, kwa sauti ile ile ambayo mtu humwita paka wake Sultani. Kwa siku aliswali mara tano na kutukana mara sita, na yote mawili aliyafanya kwa ufasaha.

Chupi na sidiria nilizinunua Shahe. Soko lile huamka kabla ya jogoo, na kufikia saa saba mchana limeshakwisha, watu wanafagia nailoni na kula wali. Bosi wangu alikuwa na kibanda ghorofa ya pili. Nasema bosi kwa sababu kule kila mwenye duka huitwa hivyo, laoban, hata kama duka lake ni meza na mwavuli. Huyu alikuwa mwanamume wa miaka hamsini hivi, mwembamba, miwani yake imefungwa waya kwenye bawaba. Alikaa siku nzima chini ya sidiria zinazoning'inia, uso umemwiva kwa haya, kama padri aliyekosea kanisa. Biashara yenyewe aliifanya mkewe. Kazi ya bosi ilikuwa kuandika maboksi na kusikiliza muziki.

Siku ya kwanza niliona amekosea herufi kwenye katoni ya Kiingereza. Nikachukua kalamu nikasahihisha. Miaka mitatu ya wino mwekundu haikutoki mwilini hivi hivi.

Bosi aliitazama ile herufi, akanitazama mimi.

"Wewe mwalimu?" akauliza. Kiingereza chetu kilikuwa cha maneno matatu matatu, kikisaidiwa na vidole, kamusi yake kuukuu na michoro nyuma ya risiti, kwa hiyo hapa naandika tulichoelewana, siyo tulichosema.

"Nilikuwa mwalimu."

"Wa Kiingereza?"

"Wa Kiingereza."

Akasimama, akanikokotea kiti, akaniita laoshi, yaani mwalimu. Mkewe akaguna, maana alijua bei inakwenda kushuka. Kisha bosi akafungua droo akatoa CD tano kwa uangalifu wa mtu anayetoa mayai.

Kila moja ilikuwa na jeraha ukingoni, mkato wa msumeno. Alinieleza, na baadaye nikaziona mwenyewe zikiuzwa barabarani kwa mafungu kama dagaa: zilikuwa CD zilizokosa wanunuzi Ulaya na Marekani, zikakatwa ili zisiuzike tena, zikasafirishwa hadi China kwa jina la taka za plastiki. Wachina wakaziangalia, wakaona mkato umegusa wimbo wa mwisho tu, zilizobaki zinalia vizuri. Wakaziuza. Nyingi hazikuwa na kile kijitabu cha maneno. Bosi alikuwa na albamu tano za mwanamuziki mmoja wa roki, Mwingereza. Alikuwa amezisikiliza karibu kila siku kwa miaka kadhaa, na hakuna neno alilolielewa.

"Sasa nimepata mwalimu," akasema, akabonyeza.

Ikatoka sauti ya mtu aliyebanwa kidole na mlango, akaamua kutunga wimbo palepale kabla hajakitoa. Nyuma yake magitaa yaligombana. Bosi alifumba macho. Mimi nilikunja uso wa kitaalamu nikasikiliza. Nilisikia "na". Baada ya kitambo nikasikia ama "mvua" ama "treni". Halafu yule bwana akapiga ukelele mrefu usio na silabi, wimbo ukaisha.

Niseme ukweli wangu. Kiingereza nilichofundisha kilikuwa cha kitabu, cha watu wanaokwenda sokoni kununua machungwa matano na kuagana kwa heshima. Sikuwahi kukutana na Mwingereza anayeimba huku ametafuna nusu ya maneno. Lakini pale nilikuwa nimekalia kiti cha mwalimu, na mwalimu wa kwetu hasemi "sijui". Husema "hilo tutaliona kidato cha nne". Bosi hakuwa na kidato cha nne. Alikuwa na kalamu mkononi na macho ya mtu aliyengoja miaka.

Kilichonijia kichwani ni kwaya. Kwaresima iliyopita tuliimba habari za mwana mpotevu, na katika igizo lake mimi nilikuwa mmoja wa nguruwe. Nikavuta pumzi.

"Huu wimbo," nikasema, "ni wa kijana aliyemwacha baba yake, akaenda nchi ya mbali."

Bosi akaandika. Nikaendelea. Nikamweleza jinsi kijana alivyokula mali yote, nikamwonyesha mifuko mitupu. Nikamweleza njaa kwa kushika tumbo. Nilipofika kwenye kulisha nguruwe nililazimika kukoroma, na hapo mkewe aliacha kuhesabu dazeni akatugeukia.

"Nguruwe?" bosi akauliza. "Anaimba wapi nguruwe?"

Akarudisha wimbo nyuma. Nilingoja mahali penye kelele kuliko pote, nikanyoosha kidole. "Hapo!"

Akarudia mara tatu. Mara ya tatu akatikisa kichwa polepole. "Ndiyo," akasema. "Namsikia."

Basi nikamalizia. Kijana anarudi nyumbani kwa aibu. Baba anamwona angali mbali, anatupa fimbo, anakimbia kumlaki. Bosi hakuandika tena. Alitazama mezani. Siku hiyo nilipewa bei ambayo hata Bi Mkubwa, ambaye hakuna bei aliyowahi kuikubali, aliikubali.

Tangu hapo kila nilipokwenda Shahe nilimaliza kununua, soko likafungwa, nikaletewa wali na kikombe cha chai, tukaanza kazi. Tulipitia albamu moja baada ya nyingine. Ile ya kwanza ilikuwa ya ujana, kila kitu kwa haraka, mpiga ngoma akimkimbia mpiga gitaa. Ya pili alikuwa amepata hela: vinanda, tarumbeta, wanawake wanne wa kuitikia. Ya tatu nadhani aliwafukuza wale wanawake akanunua mashine. Nyimbo zote ziligonga kama cherehani. Ya nne ilikuwa ya mtu aliyeamka na kichwa kinauma na hataki kuulizwa. Bosi aliuliza, na mimi nilijibu.

Nilimpa vyote nilivyokuwa navyo. Wimbo mmoja nikaufanya wa Ruthu na mama mkwe wake. Mwingine nikampa mjomba wangu mwenye wake wawili, mmoja kila upande wa mto, na mwaka mto ulipofurika akiwa katikati. Wimbo wa kasi wa albamu ya tatu niliufanya wa mkuu wa shule yetu, aliyekula kuku wote wa mradi wa wanafunzi kisha akaitisha mkutano kukemea vicheche. Bosi alicheka hadi akavua miwani. "Huyu Mwingereza," akasema, "anayajua maisha." Nikakubali kwamba anayajua.

Mahali pamoja tu sikuthubutu. Albamu ya tano ilikuwa piano na sauti peke yake, na pale yule bwana aliimba kwa upole kana kwamba kuna mtu amelala chumba cha pili. Kulikuwa na wimbo wa tatu mle ambao mara ya kwanza nilipousikia niliacha wali wangu ukapoa, nami sikuelewa hata pa kuanzia. Bosi alishika kalamu. Nikamwambia, "Huu si wa kueleza. Huu ni wa kusikiliza." Akaweka kalamu chini, tukasikiliza. Mkewe naye aliacha kufunga boksi, ingawa baadaye alidai alikuwa anapumzisha mgongo.

Mkewe ndiye aliyenipa habari yenyewe, siku bosi alipokwenda kuchota maji ya chai. Alinieleza kwa mikono zaidi kuliko kwa mdomo. Mumewe alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha serikali huko Hunan, kaskazini. Baba yake alikuwa fundi kwenye kiwanda hicho hicho, na ndiye aliyemwingiza mwanawe kazini. Mwana aliona kiwanda kinazama, akaacha kazi akashuka kusini kufanya biashara. Mzee akasema hana mtoto. Kiwanda kilipokuja kufungwa kweli, mzee alikasirika zaidi, kwa sababu hakuna kinachomuudhi mzee kama mtoto aliyebashiri sawasawa. Na mtu fulani akampelekea habari kwamba mwanawe anauza sidiria. Huu ulikuwa mwaka wa sita hawajasemezana.

Nilitamani kumwambia yule mama kwamba na mimi kwetu chupi zangu zinaitwa uhamisho. Sikujua kuisema hiyo kwa mikono.

Januari ilipokuwa inaisha, na mji unajiandaa kwa sikukuu ya mwaka mpya wao, bosi aliuweka ule wimbo wa kwanza tena. Ulipoisha akaniuliza, "Laoshi. Baba yake alimkimbilia?"

"Alimkimbilia."

"Kabla hajaomba msamaha?"

"Kabla."

"Una hakika? Katika wimbo iko hivyo?"

Ningeweza kusimama hapo. Neno moja tu lingetosha. Lakini nilimtazama usoni, nikaona anataka nini, na kusema kweli nilikuwa nimeshaizoea heshima ya kile kiti.

"Iko hivyo," nikasema.

Kesho yake alikwenda kupanga foleni stesheni, akashinda huko kutwa, akarudi na tiketi ya Hunan na viatu vimekanyagwa vimekuwa bapa.

Mtu mwenye akili haendi kukaa Guangzhou wakati wa sikukuu ile. Kila bosi anafunga anakwenda kwao, viwanda vinalala, mji mzima unapiga fataki kisha unanyamaza. Lakini mzigo wangu ulichelewa kiwandani, na pasi za Bi Mkubwa pia, kwa hiyo tulibaki chumbani wawili, tukila tambi za kumwagia maji ya moto asubuhi, mchana na jioni. Bosi, kwa huruma yake, alikuwa ameniazima redio yake ya CD na albamu zote tano.

Siku ya tatu, mchana, Bi Mkubwa amelala chali anajipepea na bahasha, nikaweka ile ya kwanza.

"Ehe," akasema. "Huyu ndo bwana unayemfasiria Mchina?"

"Ndiye."

"Na hapa anaimba nini, Mwalimu?"

Nikampa habari yote: baba, nchi ya mbali, mali, nguruwe, kukimbiliwa. Nilikuwa nimeshaieleza mara nyingi hata naiona. Bi Mkubwa alisikiliza, mimi na wimbo, wimbo na mimi. Kisha akaanza kutikisika. Nilidhani amepaliwa na tambi. Akajipindua, akaanguka kutoka kitandani, akakaa sakafuni na miguu ameinyoosha, machozi yanamtoka.

"Nguruwe!" akasema. "Ya Rabbi, nguruwe!"

"Bi Mkubwa, kwani unaelewa?"

"Mwanangu, miye nimekaa Uingereza miaka tisa. Mume wangu wa mwanzo alikuwa mpishi wa meli, mwana kharamu yule, akaniweka Portsmouth nafua mashuka ya hoteli. Nimetukanwa kwa lahaja hiyo hiyo anayoimba huyo. Naielewa hata akiwa na kiazi mdomoni."

"Sasa anaimba nini?"

Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Akaniambia nirudishe mwanzo, akawa ananifasiria mstari kwa mstari. Yule bwana alikuwa safarini likizoni na mkewe na mama mkwe wake. Gari limeharibika njiani. Mvua inanyesha. Mama mkwe amekalia mfuko wa mikate yenye nyama, na badala ya kuomba radhi anamlaumu mkwewe kwa kununua mikate laini. Kibwagizo, pale bosi alipokuwa akifumba macho, kilikuwa ni mama mkwe anauliza ni nani basi atakayesukuma gari. Na ukelele mrefu wa mwisho ulikuwa ukelele tu.

"Nimemtuma mtu Hunan," nikasema.

"Umemtuma nini?"

Nikamweleza habari za bosi na baba yake. Bi Mkubwa akaacha kucheka, akanyanyuka sakafuni, akazima redio, akakaa wima kitandani. Sijawahi kumwona amekaa wima vile nje ya swala.

"Basi mwombee," akasema. "Na miye ntamwombea. Mungu atachagua ombi la nani limpendeze. Lakini Mwalimu, akirudi umwambie."

"Na bei yangu je?"

"Bei!" Akanirushia ile bahasha. "Mtu umemkorogea ukoo, unauliza bei ya chupi!"

Siku zile nilizihesabu. Nilimwona bosi katika kila hali: mlangoni anatukanwa, barabarani kwenye theluji, ndani ya treni ya kurudi amekunja miwani yake yenye waya. Usiku na mchana yule Mwingereza alikuwa kichwani mwangu na mikate yake. Nilijiuliza pia, kama mama yangu angeniona naingia uani Iringa na begi la sidiria, je, angekimbia? Mama ana goti bovu. Nikamsamehe kabla hajakosa.

Soko lilipofunguliwa nilikuwepo. Bosi alikuwa kibandani, na kwenye meza kulikuwa na kipande cha nyama ya nguruwe ya kukaushwa kwa moshi, zawadi yangu kutoka Hunan. Hata nyama ilikuwa inanicheka.

"Laoshi," akasema, "baba hakukimbia."

Nikakaa.

Alinieleza taratibu. Alimkuta mzee anacheza karata na majirani. Mzee alimtazama, akatazama karata zake, akamaliza mchezo, akacheza na mwingine. Bosi alikuwa amempelekea suruali za ndani za baridi, nzito, dazeni moja. Mzee aliusukuma ule mfuko kwa mguu mpaka nje ya mlango. Siku tatu walikaa nyumba moja hawasemezani. Mzee alikuwa akimwambia paka aseme chakula kiko tayari. Bosi alitaka kuondoka. Siku ya nne baridi ikapasua bomba la maji jikoni, maji yakaanza kujaa. Wakaingia chini ya sinki wote wawili, fundi na fundi. Mzee akanyoosha mkono akasema, "Kumi na saba." Bosi akampa spana namba kumi na saba. "Kumi na nne." Akampa kumi na nne. Walifanya kazi mchana mzima, na hawakusema kitu kingine zaidi ya namba za spana.

"Siku ya kuondoka," bosi akasema, "alinisindikiza mpaka kwenye basi. Hakusema kitu. Lakini alipopanda ukingo wa barabara nikaona kifundo cha mguu." Akavuta suruali yake kidogo kunionyesha. "Alikuwa amevaa ile ya kwangu."

Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake, anaangalia pembeni.

"Sasa," bosi akasema, akachukua redio yake mikononi mwangu na kuiwasha, "nataka unionyeshe mstari wa kukimbia. Labda kwa Kiingereza ni neno jingine. Labda ni kutembea."

Nikamwambia. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nadhani ilikuwa ile nyama. Nilimwambia sikuelewa wimbo hata mmoja, tangu siku ya kwanza, na kwamba yote niliyatoa kanisani na kwa mjomba. Ilibidi niseme mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alidhani amekosea kunisikia. Akatafuta neno kwenye kamusi. Nikaona kidole chake kimesimama. Lilikuwa neno "mwongo".

Hakupiga kelele. Alifunga kamusi, akazima redio, akarudi kuandika maboksi.

Kuanzia siku hiyo sikuwa laoshi. Nilipouliza sidiria nyeusi alijibu "mei you", hakuna, na sidiria nyeusi ishirini zinaning'inia juu ya kichwa chake. Chupi za pamba? Mei you. Nyeupe? Mei you. Mkewe alinitazama kwa huruma lakini hakuingilia. Nilihamia vibanda vya Zhanqian Road, nikanunua vitu vilivyopauka na kushonwa upande.

Wiki moja baadaye Bi Mkubwa alivaa baibui lake zuri.

"Twende kwa Mchina wako," akasema. "Nimechoka kulala na mtu anayepumua kama mjane."

Alipanda ngazi za Shahe akitukana kila moja. Alipofika akamsalimu bosi, akajitambulisha, akaketi kwenye kiti changu bila kuulizwa. "Mimi nimeishi kwao," akasema kwa Kiingereza, kile chake cha kufulia mashuka. "Weka. Nitakwambia kweli."

Bosi alisita. Kisha akaweka ule wimbo, akachukua kalamu.

Bi Mkubwa alieleza bila kupamba, akisimamisha kila mstari. Likizo. Gari. Mvua. Alipofika kwa mama mkwe aliyekalia mikate, bosi aliacha kuandika, uso umemvimba kama mtu anayemeza jiwe. Miaka hiyo yote alikuwa akifumba macho kuusikiliza wimbo ule.

Na hapo mkewe akauliza kitu kwa Kikantoni. Bosi akamjibu kwa sauti ya chini. Akauliza tena, akijigusa makalio na kuchora mikate hewani. Bosi akatikisa kichwa kukubali. Yule mama, ambaye kwa miaka sita aliuchukia muziki ule kama panya, aliinamia rundo la maboksi akacheka hadi wauza soksi wa jirani wakaja kuchungulia. Akawaeleza nao. Akabonyeza mwenyewe urudiwe. Baadaye nilijua kwamba mama yake mzazi aliishi nao.

Waliendelea wiki nzima, Bi Mkubwa akifasiri, mimi nimekaa kwenye katoni kama mwanafunzi aliyerudishwa darasa. Wimbo niliosema wa Ruthu ulikuwa wa mtu anayetafuta soksi. Ule wa mjomba wangu ulikuwa wa ushuru wa serikali. Wa mkuu wa shule haukutafsirika, Bi Mkubwa alisema ni matusi matupu, tena ya wanaume, na akayafurahia peke yake. Ule wa tatu wa albamu ya piano alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huu Mwalimu kasema kweli. Wacheni tu." Mpaka leo hajanieleza, na mimi sijamuuliza.

Siku ya mwisho, tukifunga mizigo yetu, bosi alinisogelea. Alisema habari za Mwingereza ni za kweli lakini ni ndogo. Za kwangu zilikuwa za uongo, na baba hakukimbia. Akafikiri kidogo, akaongeza kwamba lakini asingepanda treni kwa sababu ya mikate. Kisha akageuka akamwambia mkewe anitafutie sidiria nyeusi. Bei ilikuwa ya kawaida, ile ya watu wote, na sikulalamika.

Nilirudi Agosti. Joto lilikuwa limelowesha mji mzima kama kitambaa cha kudekia. Nilipopanda ghorofa ya pili nilisikia Mwingereza analia kwa nguvu kuliko zamani. Redio ilikuwa imehamishiwa mezani kwa mke wa bosi, naye aliitikia kibwagizo cha mama mkwe kwa Kiingereza alichokitunga mwenyewe. Bosi alinyanyua mkono. Nyuma yake, juu ya kigoda, alikaa mzee mmoja mkavu, shingo ndefu, amezipa sidiria mgongo, anakaza skrubu za fremu ya kutundikia nguo. Aliponiona alinikagua toka juu hadi chini, akasema maneno machache, akarudi kwenye skrubu.

"Anasemaje?" nikauliza.

Bosi aliona haya. "Anauliza kama nyinyi kwenu pia mnaupenda huu muziki. Anasema huyu mtu anaimba kama mbuzi aliyekwama kwenye uzio."

Nikamwambia bosi amfasirie mzee, neno kwa neno, asiongeze kitu, kwamba nakubaliana naye kabisa. Mzee alisikiliza, akaguna, akanisogezea kigoda kwa mguu nikae.